Majina Matatu kwa Wimbo Mmoja: Chuck Berry na Hati ya Utunzi

Hesabu ya kwanza ya mirabaha ya "Maybellene" ilipomfikia Chuck Berry, mwanamuziki Mmarekani Mweusi wa rock and roll, aliikuta na majina mawili asiyoyatarajia. Wimbo alikuwa ameutunga yeye, ameusafirisha hadi Chicago yeye, ameuimba na kuupigia gitaa yeye. Lakini kwenye orodha ya watunzi alikaa na Alan Freed, mtangazaji wa redio aliyekuwa akivuma New York, na mtu aitwaye Russ Fratto, ambaye hata mwanamuziki hakuwa. Fratto alikuwa mfanyabiashara wa Chicago mwenye shughuli ya uchapaji na uhusiano wa kibiashara na Chess, kampuni iliyorekodi wimbo. Berry alipomuuliza Leonard Chess, mwenye kampuni, aliambiwa kwamba wimbo utasikilizwa zaidi ukibeba majina ya wakubwa. Akaridhika. Katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake anasema jibu lile lilimwingia akilini, maana yeye hakuwa anajulikana, na hakuna aliyemweleza kwamba pamoja na majina, fedha nazo zinagawanywa.

Nimeanza na karatasi ile kwa makusudi. Makala nyingi kuhusu Berry huanza na gitaa, au na ule mwendo wake wa bata jukwaani, amechuchumaa, mguu mmoja mbele, gitaa limeelekezwa kwa watu kama bunduki. Hayo ni matamu na yana haki yake. Lakini mimi naona maisha yote ya kazi ya mtu huyu, zaidi ya miaka 60, yanasomeka vizuri zaidi ukiwa umeshika ile hesabu ya mirabaha. Hapo ndipo alipojifunza kwamba wimbo ni kama shamba, na shamba lina hati. Asiyeandikwa kwenye hati atalima mpaka mgongo upinde, na mavuno yatapakiwa kwenye gari la mwingine. Somo hilo lilimfanya awe mtunzi makini kuliko wenzake wengi wa kizazi chake. Lilimfanya pia awe mtu mgumu, mwenye mkono wa birika. Na hati ilipokuwa mkononi mwake, hakumwandika mtu aliyelima naye.

Wasikilizaji wa taarab hawahitaji kuelezwa kwamba mtunga mashairi ni mmoja, anayetia muziki ni mwingine na muimbaji ni wa tatu, na kila mmoja ana fahari yake. Sheria ya Marekani nayo ina mgawanyo wake, na mgawanyo huo una uzito wa fedha. Hadi leo redio za kawaida za nchi ile zinapopiga wimbo, hulipa kwa ajili ya mtunzi na mchapishaji wake. Muimbaji hapati kitu, mpiga ngoma hapati kitu. Kwa hiyo mwaka 1955 mtangazaji aliyeandikwa kuwa mtunzi alikuwa analipwa kila alipoiweka santuri ile kwenye mtambo wake mwenyewe. Freed aliiweka sana.

Tupige hesabu kidogo. Sheria ya wakati ule iliweka malipo ya senti 2 kwa kila nakala ya wimbo iliyouzwa, na desturi ilikuwa nusu iende kwa mchapishaji. "Maybellene" iliuza zaidi ya nakala milioni moja. Kwa kiwango kamili cha sheria, nakala milioni moja ni dola 20,000. Mchapishaji alikuwa Arc Music, kampuni ya ndugu wa Chess kwa ushirika na ndugu wawili wa mwanamuziki wa jazz Benny Goodman, kwa hiyo nusu moja ilirudi nyumba ileile iliyorekodi wimbo. Inabaki 10,000. Ukiigawa kwa watatu, aliyetunga anabaki na kama 3,300. Kijana wa miaka 28 aliyekuwa amefanya kazi kwenye viwanda vya magari na kusomea ususi angeweza kuziona ni fedha nyingi. Ndiyo maana wizi wa namna hii ulidumu: anayeibiwa hushukuru kwanza.

Ilichukua hadi mwaka 1986 wimbo ule kurudi kwa jina la Berry peke yake. Miaka 31. Freed alikuwa ameshafariki tangu 1965, akiwa na miaka 43, kazi yake ikiwa imevunjwa na kashfa ya watangazaji kuhongwa ili wapige santuri.

Kijana huyu hakutoka shimoni. Charles Edward Anderson Berry alizaliwa St. Louis, Missouri, tarehe 18 Oktoba 1926, katika mtaa wa Ville ambako familia za Weusi zenye uwezo wa kati zilijijengea shule, makanisa na biashara zake. Baba alikuwa mkandarasi na shemasi wa kanisa la Kibaptisti, mama alikuwa mwalimu. Nyumbani kulisomwa mashairi. Nalisisitiza hilo, kwa sababu wako wanaopenda kueleza wanamuziki wa Kimarekani Weusi kana kwamba wote waliokota vipaji shambani, na maneno yakawatoka tu kama jasho. Maneno ya Berry ni ya mtu aliyesikia beti zikisomwa mezani tangu mtoto. Hata hivyo mwaka 1944, bado mwanafunzi, aliingia na wenzake katika ujambazi wa kutumia silaha huko Kansas City, akahukumiwa miaka 10 katika gereza la vijana la Algoa. Alitoka siku alipotimiza miaka 21. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mkesha wa mwaka mpya wa 1953, mpiga piano Johnnie Johnson alipungukiwa na mpiga saksafoni wake, aliyekuwa mgonjwa, akamwita Berry ashikilie nafasi. Bendi ilikuwa ya watu watatu na ilikuwa ya Johnson. Hili nalo likumbukwe, tutalirudia. Klabu iliitwa Cosmopolitan, ng'ambo ya mto Mississippi, East St. Louis. Wateja walikuwa Weusi wengi, waliozoea bluzi, na Berry akaanza kuwapigia kantri, muziki wa Wazungu wa vijijini. Walimcheka kwanza, wakaulizana huyu mshamba mweusi katoka wapi. Halafu wakaanza kumwomba arudie. Wazungu nao wakaanza kuvuka mto kuja kutazama. Berry amesimulia jinsi alivyokuwa akipima ulimi wake: akiimba bluzi, matamshi ya bluzi, akiimba kantri, anatamka kama mtu wa kantri, na kwa usafi wa kila neno alimwiga mwimbaji Nat King Cole. Matokeo yake santuri zilipotoka, baadhi ya mapromota wa Kusini walidhani ni Mzungu. Huko Knoxville, Tennessee, alifika na gitaa lake akarudishwa mlangoni.

Mei 1955 alikwenda Chicago kumsikiliza Muddy Waters, gwiji wa bluzi, akamuuliza mtu aweze vipi kurekodi. Waters akamwelekeza kwa Leonard Chess. Berry aliamini Chess atapenda bluzi yake ya taratibu. Chess akavutiwa na ule mchezo wa kantri uliotokana na wimbo wa zamani wa dansi za vijijini, "Ida Red", ambao Berry alikuwa ameuandikia maneno mapya kabisa kuhusu mwanamume mwenye Ford anayemfukuzia mpenzi wake aliyepanda Cadillac ya mtu. Jina lilibadilishwa. Johnson alisimulia kwamba lilitoka kwenye kiboksi cha maskara kilichokuwa studio. Berry alisema lilitoka kwa ng'ombe wa hadithi katika kitabu chake cha darasa la tatu. Watu wawili, chumba kimoja, siku moja, kumbukumbu mbili. Ndivyo nyimbo zinavyozaliwa mara nyingi, na ndiyo maana karatasi inayoandikwa baadaye ina nguvu kubwa kupita kiasi.

Wimbo ulifika namba 1 kwenye chati ya R&B, yaani ya muziki wa Weusi, na namba 5 kwenye chati ya jumla ya Marekani. Ukafuatiwa na mfululizo ambao hauna mfano kwa mtu mmoja wa enzi ile anayetunga, kuimba na kupiga mwenyewe: "Roll Over Beethoven" mwaka 1956, "School Day" na "Rock and Roll Music" mwaka 1957, "Sweet Little Sixteen" na "Johnny B. Goode" mwaka 1958. Elvis Presley alikuwa na sauti na sura, lakini nyimbo zililetwa na wengine. Berry alikaa mezani akaandika. Alikuwa anakaribia miaka 30, baba wa watoto, akaamua kuandika kuhusu kengele ya shule, foleni ya chakula cha mchana, gari la kwanza, na sarafu inayodondoshwa kwenye mashine ya muziki baada ya masomo. Alikuwa amewatazama wanunuzi wa santuri akaona ni watoto wa sekondari, weupe kwa weusi. Wako wanaoliona hilo ni biashara tupu. Mimi nalihesabu kuwa kazi ngumu ya kiuandishi: kuingia katika siku ya mtu usiyefanana naye, ukaieleza hadi mwenyewe aape kwamba ulikuwapo.

Kipimo changu cha utunzi wake ni "Memphis, Tennessee" ya mwaka 1959. Amesimulia kwamba aliurekodi nyumbani kwake, mchana wa joto la Julai, kwa kinasa sauti cha dola 79. Mwanamume anazungumza na opereta wa simu za mbali. Anaomba aunganishwe Memphis na mtu aliyejaribu kumpigia. Namba hana. Anachojua ni kwamba mjomba wake alipokea ujumbe akauandika ukutani. Anamweleza opereta nyumba ilipo, upande wa kusini, juu kwenye mwinuko, si mbali na daraja la Mississippi. Anamtaja Marie. Anasema jinsi anavyomkosa, na kwamba walitenganishwa kwa sababu mama yake Marie hakutaka. Msikilizaji ameshaelewa: mapenzi, mkwe mkorofi, yaleyale. Mara ya kwanza niliposikia wimbo huu kwa makini nilikuwa napiga pasi, nikisikiliza nusunusu. Beti la mwisho likafika, Marie akapunga mkono na machozi shavuni, na mistari ya mwisho ikasema ana miaka sita. Ni bintiye. Mama aliyevunja nyumba alikuwa mkewe. Niliweka pasi chini nikarudisha wimbo mwanzo, na kila neno lilikuwa limebadilika maana bila kubadilika herufi. Opereta hakujibu hata mara moja katika wimbo mzima. Dakika mbili na ushee, hakuna kiitikio, na hadithi imekamilika. Mwaka 1964 Johnny Rivers aliuimba ukafika namba 2, na aliyeandikwa mtunzi alikuwa Berry, peke yake safari hii.

Kwenye gitaa alikuwa mkopaji, na hakuficha. Ile sauti ya kufungua "Johnny B. Goode" inayojulikana dunia nzima, nyuzi mbili zikigongwa kwa pamoja kama mtu anayebisha hodi kwa haraka, imo karibu nota kwa nota katika santuri ya Louis Jordan ya mwaka 1946. Mpigaji wake aliitwa Carl Hogan. Berry alimtaja Hogan, akawataja wapiga gitaa T-Bone Walker na Charlie Christian, akasema hakuna jipya chini ya jua. Lakini kumtaja mtu kwenye mahojiano na kumwandika kwenye hati ni mambo mawili. Sheria hailindi mbwembwe za gitaa kama inavyolinda maneno na melodia, na Hogan hakuandikwa popote.

Wimbo huohuo una alama nyingine ya kalamu. Kwa maelezo ya Berry, mwanzoni kijana wa kijijini anayepiga gitaa chini ya mti karibu na reli alitajwa kwa rangi yake, kijana mweusi. Akaligeuza neno moja likawa kijana wa shamba, ili redio zisiukatae. Kwa neno hilo moja alifungua milango yote ya nchi, na kwa neno hilohilo alilazimika kujificha ndani ya hadithi yake mwenyewe. Sijui kama kuna mwandishi wa leo anayeelewa gharama ya kufuta neno la namna hiyo na kuendelea kuimba kwa furaha.

Desemba 1959 alikamatwa. Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu mashabiki wake hupenda kupita haraka. Alishtakiwa kwa kumsafirisha kutoka jimbo hadi jimbo, kwa nia ya uasherati, msichana wa miaka 14 aliyemleta kufanya kazi katika klabu yake ya St. Louis. Sheria iliyotumika, ya mwaka 1910, ilikuwa na historia mbaya ya kuwindia watu Weusi maarufu; bondia Jack Johnson alifungwa kwayo. Jaji wa kwanza alitoa maneno ya ubaguzi waziwazi hadi mahakama ya rufaa ikafuta hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya. Kesi ya pili ikamtia hatiani tena, kifungo cha miaka 3. Alikana hadi mwisho. Mimi nasema yote mawili yanashikika mkononi kwa pamoja: mahakama ilikuwa na chuki, na mtoto alikuwa mtoto. Ubaguzi wa jaji haumfanyi msichana wa miaka 14 kuwa mtu mzima. Anayezisikia leo zile nyimbo zake kuhusu wasichana wa shule ana haki ya kusita, na wala asiambiwe kwamba hajui muziki. Miaka mingi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake kadhaa walimshtaki kwa kuwapiga picha za video kwa siri katika choo cha mgahawa wake huko Wentzville. Alikana tena, kesi ikamalizwa kwa malipo. Haya si pembezoni mwa maisha yake.

Alikaa gerezani kuanzia Februari 1962 hadi Oktoba 1963, na humo ndani akatunga. "Nadine", "No Particular Place to Go", "You Never Can Tell" zote ni za kipindi hicho. Lakini wa kusomwa polepole ni "Promised Land". Ameeleza kwamba alihitaji ramani ya Marekani ili apange safari ya wimbo, na haikuwa rahisi kuipata, kwa kuwa magereza hayapendi kumpa mfungwa njia ya kutorokea. Hebu mwone: amefungwa, kidole kiko juu ya ramani, anatoka Norfolk, Virginia, kwenda California. Msafiri wake anapanda basi la Greyhound. Linasimama Charlotte, halisimami Rock Hill. Linaharibika katikati ya Alabama na kumwacha Birmingham. Anakata tiketi ya treni, analivuka jimbo lote la Mississippi bila kushuka, anaingia New Orleans, anasaidiwa kufika Houston, huko ananunuliwa suti ya hariri na tiketi ya ndege, na akishatua Los Angeles kitu cha kwanza anachofanya ni kupiga simu nyumbani.

Mei 1961, chini ya mwaka mmoja kabla Berry hajafungwa, vijana Weusi na Wazungu walipanda mabasi ya Greyhound na Trailways kuelekea Kusini kuupima ubaguzi kwenye vituo vya mabasi. Rock Hill walipigwa. Nje ya Anniston, Alabama, basi lao lilichomwa moto. Birmingham walisubiriwa na umati wenye marungu. Berry haelezi lolote kati ya hayo. Anaacha tu basi lipite Rock Hill bila kusimama na liharibikie Alabama, kisha anamtoa mtu wake hapo haraka. Msikilizaji Mweusi wa mwaka 1964 hakuhitaji maelezo ya ziada. Msikilizaji Mzungu alisikia wimbo wa safari wenye furaha, juu ya melodia ya kale ya treni ambayo nusu ya nchi ilikuwa inaijua. Fumbo mfumbie mjinga, walisema wahenga wetu. Huyu alilifumba mbele ya nchi nzima, na likachezewa dansi.

Na wakati yeye yuko ndani, nyimbo zilikuwa nje zinafanya kazi. Hapa somo la ile karatasi ya 1955 lilianza kumlipa fadhila. Machi 1963 Beach Boys walitoa "Surfin' U.S.A.", melodia ikiwa ni ya "Sweet Little Sixteen", haki zikahamia Arc Music, na baadaye jina la Berry likaandikwa. Juni mwaka huo Rolling Stones walitoa santuri yao ya kwanza kabisa, "Come On", utunzi wa Berry. Novemba, mwezi mmoja baada ya yeye kutoka, Beatles wakaweka "Roll Over Beethoven" kwenye albamu yao ya pili. Mwanamuziki wa kawaida akifungwa, mapato yake yanafungwa naye. Mtunzi akifungwa, melodia yake inaendelea kuvuka bahari na kurudi na hundi.

Baada ya 1965 hakuandika tena kitu kikubwa, na naona sababu ziko katika mtindo alioufuata wa kufanya kazi. Alisafiri peke yake, akiendesha gari mwenyewe kutoka uwanja wa ndege, gitaa kwenye kiti cha nyuma. Mkataba ulimtaka promota amtafutie wanamuziki wa hapohapo mjini na aina maalumu ya vipaza sauti vya Fender. Fedha taslimu kabla ya kupanda jukwaani. Mazoezi hakuna, orodha ya nyimbo hakuna. Vijana wa bendi walitakiwa kumtazama mguu ili wapate ishara. Nawaelewa wanaomtetea, kwa sababu aliyeibiwa mara ya kwanza na watu waliovaa tai hawezi kulaumiwa kwa kutaka kuhesabu noti mwenyewe. Lakini muziki ulilipia. Yapo maonyesho yaliyorekodiwa ambapo gitaa lake limeachana na bendi kwa ufunguo wa muziki, na yeye hajali. Mtu aliyepima kila silabi ya "Memphis" aliwapa watu walionunua tiketi kitu ambacho asingekubali kukiacha kwenye santuri.

Mamlaka ya kodi nayo ilikuja. Juni 1979 alipiga Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Jimmy Carter, na mwaka huohuo akahukumiwa siku 120 jela na saa 1,000 za kazi za jamii kwa kukwepa kodi. Mara ya tatu hiyo kuingia. Ukiuliza wimbo wake pekee uliofika namba 1 kwenye chati ya jumla, utajibiwa "My Ding-a-Ling" wa mwaka 1972, uliorekodiwa jukwaani Coventry, Uingereza. Ni wimbo wa utani wa chooni, na uliandikwa na Dave Bartholomew wa New Orleans. Naumia kila ninapoandika sentensi hiyo.

Heshima hazikukosekana. Mwaka 1977 "Johnny B. Goode" iliwekwa kwenye sahani za dhahabu zilizopakiwa ndani ya vyombo viwili vya anga vya Voyager, karibu na Bach na Beethoven. Sahani hizo zina salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kiswahili hakimo. Voyager 1 imeshatoka nje ya eneo la upepo wa jua tangu 2012, na ndani yake kuna gitaa lile linalobisha hodi.

Nirudi kwa Johnson, kama nilivyoahidi. Oktoba 1986, mwaka uleule "Maybellene" iliporudi kwa mwenyewe, Berry alifanya onyesho la kutimiza miaka 60 katika ukumbi wa Fox, St. Louis, ukumbi ambao alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alinyimwa tiketi kwa sababu ya rangi. Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, ndiye aliyeunda bendi, na alimtafuta Johnnie Johnson, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha basi la wazee mjini humo. Richards alikuwa amegundua jambo ambalo kila mpiga gitaa aliyewahi kuhangaika na nyimbo hizi hukutana nalo vidoleni. Nyingi ziko katika funguo kama B-flat na E-flat. Mpiga gitaa akiachwa atunge peke yake hukimbilia E au A, ambako nyuzi wazi zinamsaidia. B-flat na E-flat ni za watu wa piano na tarumbeta. Nyimbo zilikuwa zimevaa nguo za piano, na piano ilikuwa ya Johnson.

Novemba 2000 Johnson alifungua kesi akidai kwamba muziki wa nyimbo nyingi za Berry waliutunga pamoja: Berry analeta maneno, wanakaa kwenye piano, wanatafuta. Alisema wakati ule hakujua lolote kuhusu hakimiliki na alikuwa mlevi. Maneno, sina shaka, ni ya Berry tangu herufi ya kwanza. Hakuna mwingine aliyekuwa na kalamu ile. Kuhusu muziki, nimesikiliza piano ya Johnson ikizungukazunguka chini ya gitaa katika santuri za Chess kwa miaka mingi, na naamini katika baadhi ya nyimbo alistahili sehemu ya hati. Berry alijua kuliko mtu yeyote maana ya kuikuta hesabu ya mirabaha ina majina yasiyostahili. Alipaswa kujua pia maana ya jina linalostahili kutokuwepo.

Mwaka 2001 Johnson aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la muziki huo, kwenye kundi la wasindikizaji. Mwaka 2002 kesi ikatupwa. Mahakama haikusema nani alitunga nini. Ilisema muda umepita. Johnson alifariki Aprili 2005. Berry alifariki tarehe 18 Machi 2017, akiwa na miaka 90, na kwenye mazishi gitaa lake jekundu la Gibson lilifungwa ndani ya kifuniko cha jeneza. "Johnny B. Goode", wimbo ambao Berry mwenyewe alikiri kwamba jina la shujaa wake lilianzia kwa Johnnie, bado una mtunzi mmoja kwenye orodha.